Japani ya wenye pesa: nani anawapigia hodi?

Katika mtaa wa Gion, mjini Kyoto, vichochoro vyembamba huchepuka kutoka barabara ya Hanamikoji na kupotelea kati ya nyumba za mbao. Tangu mwaka 2024, mdomoni mwa baadhi ya vichochoro hivyo yamewekwa mabango yanayomwambia mtalii kwamba hii ni njia ya watu binafsi, kupita ni marufuku, na atakayekaidi atadaiwa yeni 10,000. Wakazi walifika hapo baada ya miaka mingi ya kuwasihi wageni wasiwakimbilie maiko, wasichana wanaofundwa ngoma, muziki na adabu za kumpokea mgeni, wala wasiwavute mikono ya kimono ili wapige nao picha. Mabango ya mwaka 2019 yalikataza kupiga picha tu, na hayakufua dafu. Jioni inapoingia, umati husimama upande wa barabara kuu, simu juu, ukisubiri mlango mmoja ufunguke.

Na milango hufunguka, ila kwa wengine. Gari husimama, wageni wachache wa kigeni hushuka na mwongozaji wao, huvua viatu na kuvuka kizingiti ambacho wale wa barabarani hawaruhusiwi hata kukisogelea. Hawa nao hawajui Kijapani, na wamefika Kyoto juzi tu. Pesa wanayo, lakini tajiri akiuendea mlango ule peke yake na kubisha, hatafunguliwa. Wao wamefunguliwa kwa sababu kuna mtu aliyewapigia hodi siku nyingi kabla hawajapanda ndege, na mtu huyo anaaminika ndani.

Safari za namna hii ndizo zinazopigiwa debe na kampuni za utalii wa kifahari duniani kote. Kwa kawaida huchukua siku kumi hadi wiki mbili: Tokyo kwa minara na migahawa, Hakone kwa maji ya moto ya volkano, Kanazawa kwa bustani na mafundi, Kyoto kwa mahekalu na chai, kisha kisiwa cha Naoshima kwa sanaa ya kisasa. Matangazo yake yanafanana: mila na usasa, ukimya na taa za rangi, samurai na roboti. Lakini ukiondoa hoteli na viti vya daraja la juu, ambavyo hupatikana Dubai na Paris pia, kinachobaki kwenye mfuko wa muuzaji ni udhamini, yaani nafasi ya kuingia mahali ambapo pesa peke yake haikuwahi kuwa ufunguo. Udhamini ni mali ya ajabu. Hupungua kila unapotumiwa vibaya, na hauna kiwanda cha kuuzalisha upya. Serikali ya Japani, ambayo sasa inawataka wageni wa aina hii kwa udi na uvumba, inauchukulia kama bidhaa isiyokwisha.

Nyumba isiyompokea asiyejulikana

Kyoto ina maeneo matano ya geiko, kama wanavyoitwa geisha katika jiji hilo: Gion Kobu, Gion Higashi, Miyagawacho, Pontocho na Kamishichiken. Kiini cha maeneo hayo ni ochaya, nyumba za kuandalia karamu ndogo. Kwa desturi, ochaya haipiki chakula. Mwenye nyumba huagiza kwa mpishi wa nje, huwaita geiko na maiko kutoka nyumba wanazoishi, huita teksi ya kumrudisha mgeni, na gharama zote hizo huzibeba yeye kwanza. Mgeni huondoka bila kutoa hata sarafu. Ankara humfuata baadaye. Biashara ya namna hiyo haiwezekani kwa mtu usiyemjua. Ndiyo maana ipo kanuni ya zamani kwamba anayekuja mara ya kwanza bila kuletwa hapokelewi, na anayemleta hujifunga naye. Rafiki asipolipa, au akilewa na kumvunjia heshima mhudumu, deni na aibu humrudia aliyemleta. Kanuni inayoonekana kwa mgeni kuwa majivuno ilikuwa njia ya kukopeshana katika biashara isiyokuwa na mkataba wala rehani.

Utaratibu huo haujafungiwa Gion, wala si masalia ya enzi za wafalme. Ginza, katikati ya Tokyo, ndani ya jengo la ofisi chini ya ardhi, kuna mkahawa wa sushi wa Sukiyabashi Jiro, wenye viti kumi tu kwenye kaunta. Kwa miaka mingi ulikuwa na nyota tatu za Michelin. Toleo la Tokyo la mwaka 2020 la kitabu hicho cha kupimia mikahawa lilipotoka, haukuwemo. Chakula hakikuwa kimeharibika. Waandaaji walieleza kwamba mkahawa huo haupokei maombi ya nafasi kutoka kwa watu wa kawaida, kwa hiyo hawawezi kuupendekeza kwa wasomaji. Kupata kiti unahitaji kuwa mteja wa siku nyingi, au hoteli kubwa ikuombee. Yaani mwenye mkahawa alipendelea kuachwa nje ya kitabu kinachosomwa dunia nzima kuliko kufungua daftari lake kwa kila apigaye simu.

> Mwenye mkahawa alipendelea kuachwa nje ya kitabu kinachosomwa dunia nzima kuliko kufungua daftari lake kwa kila apigaye simu.

Kampuni ya safari hujipenyeza hapo. Mwongozaji aliyekaa mjini miaka ishirini, au mfanyakazi wa hoteli anayeshughulikia maombi ya wageni, huchukua nafasi ya yule rafiki wa zamani. Analeta watu asiowajua na kujifunga kwa niaba yao. Wakichelewa nusu saa kwenye kaunta ambako mpishi amekadiria joto la wali kwa dakika, au wakighairi asubuhi ya siku yenyewe, hawatarudi tena Japani na hawana cha kupoteza. Atakayeomba msamaha kwa kuinama ni yeye, na kiti atakachonyimwa safari ijayo ni chake. Mteja analipa bei kubwa akidhani ananunua chakula cha jioni. Sehemu kubwa ya bei hiyo ni bima ya tabia yake mwenyewe.

Hesabu isiyokubali

Kwa nini serikali inaingilia jambo la faragha kama hili? Jibu liko kwenye takwimu. Mwaka 2003, Japani ilipoanza kampeni ya kuwaita watalii chini ya Waziri Mkuu Junichiro Koizumi, wageni kutoka nje walikuwa milioni 5 na ushee. Mwaka 2013 walivuka milioni 10. Mwaka 2019, kabla ya Uviko, walikaribia milioni 32, na mwaka 2024 wakafika milioni 36.87, wakiacha nchini yeni trilioni 8.1. Sarafu iliyoporomoka ilichangia sana: Julai 2024 dola moja ilinunua zaidi ya yeni 161, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1986. Japani iliyokuwa ghali kupita kiasi ikageuka nchi ya bei nafuu kwa mwenye dola, na mabasi ya Kyoto yakajaa masanduku ya magurudumu hadi wazee wa mjini wakakosa pa kusimama.

Dawa inayotajwa na maofisa wa utalii ni mgeni anayetumia angalau yeni milioni moja katika safari moja. Kwa hesabu za kabla ya Uviko, wageni wa kundi hilo walikuwa karibu asilimia 1 ya wote, lakini walileta zaidi ya asilimia 10 ya mapato. Hoja yake inavutia: wageni wachache, pesa nyingi, msongamano haba. Tatizo ni kwamba malengo ya serikali yenyewe hayasemi hivyo. Lengo la mwaka 2030 ni wageni milioni 60 na mapato ya yeni trilioni 15. Gawanya. Mwaka 2024 kila mgeni aliacha kama yeni 220,000. Mwaka 2030 anatarajiwa kuacha 250,000. Sehemu kubwa ya ongezeko linalotarajiwa inatokana na idadi ya vichwa, na kidogo tu na uzito wa mifuko. Huwezi kumwambia mkazi wa Kyoto kwamba utalii wa kifahari utampunguzia umati huku mpango uleule ukimwongezea watu milioni 23. Mgeni tajiri hapunguzi msongamano. Huongezwa juu yake.

> Mgeni tajiri hapunguzi msongamano; huongezwa juu yake.

Mahali ambapo watu wamepunguzwa kweli, kilichopunguza ni kikomo. Kwenye njia ya Yoshida ya Mlima Fuji, mamlaka ziliweka mwaka 2024 ada ya yeni 2,000 pamoja na ukomo wa wapandaji 4,000 kwa siku, na mwaka uliofuata ada ikapanda hadi 4,000 katika njia zote. Ada bila ukomo ingekuwa mapato tu. Pale Fujikawaguchiko, chini ya mlima huohuo, walijaribu njia nyingine: mwezi Mei 2024 wakatandaza kizuizi cheusi chenye urefu wa mita 20 ili kuficha mandhari ya mlima nyuma ya duka moja la Lawson, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wakivuka barabara ovyo. Muda si mrefu kizuizi kikatobolewa matundu ya kupenyeza kamera. Agosti kikaondolewa kwa sababu ya kimbunga, na hakikurudishwa.

Hasira ya wakazi, isipopewa jibu la kweli, hutafuta pa kutua. Msomaji wa Tanzania atakumbuka kisa cha Nagai, mji mdogo wa mkoa wa Yamagata, ambao Agosti 2025 shirika la maendeleo la Japani, JICA, liliutaja kuwa mji rafiki wa Tanzania katika mpango wa kubadilishana watu. Uvumi ukasambaa mtandaoni kwamba mji umetolewa kwa wahamiaji, simu za halmashauri zikalia bila kukoma, na Septemba mpango mzima ukafutwa. Nagai haikuwa na watalii wa kuilemea. Lakini mazungumzo kuhusu wageni nchini humo yalikuwa yamekwisha kuchacha, na anayepanga kuongeza milioni 23 nyingine hana budi kuyasikiliza.

Mlango wa kuinamia

Wapo watakaosema: basi kifahari na kimila haviwezi kukaa chungu kimoja, na safari hizi ni utapeli wenye adabu. Historia ya chai inawakatalia. Sen no Rikyu, bingwa wa sherehe ya chai aliyezaliwa mwaka 1522 katika mji wa wafanyabiashara wa Sakai, alikuwa mtu wa mjini mwenye wateja wakubwa kuliko wote. Alimtumikia Toyotomi Hideyoshi, mbabe wa vita aliyeunganisha nchi na aliyejengewa chumba cha chai cha kubebeka kilichopakwa dhahabu kuta na dari, akakipeleka mbele ya mfalme mwaka 1586. Rikyu huyohuyo ndiye anayehesabiwa kujenga Tai-an, kibanda kilichopo hadi leo Yamazaki, kusini mwa Kyoto: mikeka miwili ya tatami, kuta za udongo wenye nyuzi za majani makavu zinazoonekana, na mlango mdogo wa chini. Mgeni huingia kwa magoti na kuinamisha kichwa. Samurai aliacha upanga kwenye rafu ya nje, kwani haungeweza kupita naye. Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyu ajiue, na sababu zake wanahistoria wanabishania mpaka leo.

Kwa hiyo anasa na mila zimekuwa zikiishi nyumba moja tangu mwanzo. Chai, maigizo ya No, nguo za hariri za mtaa wa Nishijin, Kyoto, vyote vilikuzwa na mifuko ya mabwana na wafanyabiashara. Jambo la kuangalia ni kama mwenye pesa anapita mlango uleule. Nyumba ya wageni ya jadi, ryokan, hutoa mfano wa kila siku. Mteja aliyelipa pesa nyingi kwa usiku mmoja huambiwa chakula cha jioni ni saa fulani, na hula kile kilichopangwa na mpishi kwa msimu huo. Huvua viatu mlangoni. Huoga na kujisugua kwanza akiwa ameketi kwenye kigoda kidogo, kisha ndipo aingie kwenye birika la maji ya moto, akiwa uchi kama wengine, na taulo dogo halitumbukizwi majini. Kule Yamanashi, nyumba ya Nishiyama Onsen Keiunkan inahesabiwa kuanzishwa mwaka 705 na inatambuliwa na Guinness kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Haikudumu zaidi ya karne kumi na tatu kwa kumwachia mgeni ajiamulie kila kitu.

Mfano ninaoupendelea zaidi ni hekalu la Saihoji, magharibi mwa Kyoto, lenye bustani iliyofunikwa na aina zipatazo 120 za mimea midogo ya kijani inayotambaa juu ya mawe, mizizi na ardhi yenye unyevu. Umati ulipoanza kuikanyaga, mwaka 1977 hekalu lilifunga lango na kudai kila mgeni aombe nafasi mapema kwa kadi ya posta. Siku hizi huombwa kwa mtandao pia, na mchango ni yeni elfu kadhaa, kiasi ambacho mwanafunzi akijibana analipa. Ukifika huendi bustanini moja kwa moja. Unaketi mbele ya meza ya chini, unapewa karatasi na kalamu ya brashi, unanakili maandiko ya Kibudha, uwe balozi au mpigapicha. Bustani ni baada ya hapo. Saihoji imepunguza watu kwa kuwadai subira, na bei haikuhitajika kuwa ya kutisha.

> Unaketi mbele ya meza ya chini, unanakili maandiko ya Kibudha, uwe balozi au mpigapicha.

Safari ya kifahari inaweza kuongeza kitu hapo au kukiharibu. Hekalu likifunguliwa alfajiri kwa familia moja, saa ambayo lingekuwa limefungwa, na malipo yakaenda kwenye paa la gome la mti linalopaswa kubadilishwa kila baada ya miongo michache, hakuna aliyedhulumiwa. Lakini mteja akiuziwa ruhusa ya kuruka foleni, kupiga picha panapokatazwa, au kufupishiwa sherehe ya chai inayochukua saa nne iwe dakika arobaini za kuonja na kujipiga picha, kampuni imemuuzia ganda. Na yule mwenye nyumba aliyekubali leo kwa kubanwa na bei ya umeme atajifunza kesho kumtazama kila mgeni kama umati mdogo.

Zamani na sasa katika fungu moja

Katika matangazo ya safari hizi kuna kosa moja la fikra linalojirudia: kugawa nchi mafungu mawili, siku tano za mila na siku tano za usasa. Ukweli unakataa mgawanyo huo. Mahekalu makuu ya Ise, matakatifu kuliko yote katika dini ya Shinto, hubomolewa na kujengwa upya kwenye kiwanja cha jirani kila baada ya miaka 20. Mara ya 62 ilikuwa mwaka 2013, na inayofuata ni 2033. Mbao ni mpya, umbo ni la kale, na kinachorithishwa ni mikono: seremala aliyeshika patasi akiwa kijana huwa msimamizi katika ujenzi unaofuata. Kwa upande mwingine, treni ya Nanatsuboshi iliyoanza kuzunguka kisiwa cha Kyushu mwaka 2013, ambayo nafasi zake hugawiwa kwa bahati nasibu kwa sababu waombaji ni wengi, ina mabakuli ya kunawia yaliyofinyangwa na Sakaida Kakiemon wa kumi na nne, mfinyanzi wa ukoo wa karne kadhaa, aliyefariki mwaka huohuo kabla treni haijaanza safari.

Naoshima nayo husomwa vibaya. Kisiwa hicho cha watu wapatao 3,000 katika bahari ya Seto kimekuwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Mitsubishi tangu mwaka 1917, na moshi wake uliunguza vilima. Sanaa ilikuja kwa kupanga: jengo la Benesse House mwaka 1992, kisha mwaka 2004 jumba la Chichu, yote mawili ya msanifu Tadao Ando, hilo la pili likiwa limefukiwa chini ya ardhi ili lisiharibu sura ya mlima. Ndani ya Chichu kuna chumba cha michoro ya maua ya majini ya Claude Monet. Hakuna taa, mwanga ni wa jua tu, unaingia kwa kuzungukia dari, na mawingu yakipita rangi za picha hubadilika. Sakafu imetandazwa vipande vya marumaru nyeupe vya sentimita mbili, na mgeni hubadilisha viatu kabla ya kukanyaga. Anayetaka kuingia hununua tiketi yenye saa yake mapema. Huu ndio usasa wa Japani, na una mlango mdogo kama ule wa Rikyu.

Soko la Toyosu, mjini Tokyo, lililopokea minada ya samaki kutoka Tsukiji Oktoba 2018, lina utaratibu wa namna hiyo. Anayetaka kuutazama mnada wa jodari kwa karibu alfajiri huomba, na majina huchaguliwa kwa bahati nasibu. Hakuna kiingilio. Hapa muuza safari hana cha kuuza, na pengine ndiyo maana mnada huo hausifiwi sana kwenye vijarida vyao vya karatasi ya kung'aa.

Bakuli la Wajima

Hoja nzito kuliko zote kwa upande wa safari za kifahari inatoka kwenye karakana. Tazama bakuli la supu la Wajima, mji wa rasi ya Noto unaosifika kwa vyombo vya laka. Fundi wa kwanza huchonga mti uliokaushwa kwa muda mrefu. Wa pili hugandisha kitambaa kwenye ukingo na kitako, sehemu zinazopasuka upesi. Kisha hupakwa utomvu wa mti wa urushi uliochanganywa na unga wa udongo wa Noto uliochomwa, hukaushwa katika kabati lenye unyevu, husuguliwa, hupakwa tena; hatua zinapita mia moja kabla mpambaji hajagusa brashi. Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko lilibomoa mji huo na moto ukateketeza eneo la soko la asubuhi. Septemba mwaka huohuo mafuriko yakafuata. Karakana zilizosalia haziwezi kuokolewa na mtalii wa kununua sumaku ya kubandika kwenye jokofu. Zinahitaji mtu anayelipa bei kamili ya bakuli moja na kusubiri miezi litengenezwe.

Mafundi wa ufundi wa jadi Japani wamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili tangu miaka ya 1970, na wengi waliobaki ni wazee. Wateja wao wa nyumbani wamehamia plastiki, na hawalaumiki. Kwa hiyo mgeni tajiri anayeketi na mfumaji wa Nishijin kwa saa tatu na kuagiza mkanda wa hariri si adui wa mila. Anafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na bwana wa ngome. Wanaopinga husema kwamba fundi atageuka mwigizaji wa ufundi, na hatari hiyo ipo pale anapolipwa kwa kutazamwa tu. Akilipwa kwa kazi aliyoiagizwa, kutazamwa ni usumbufu mdogo.

Pingamizi linalohusu maiko ni gumu zaidi. Wengi huanza mafunzo wakiwa na miaka 15 au 16. Mwaka 2022 aliyekuwa maiko aliandika hadharani tuhuma za kunyweshwa pombe akiwa chini ya umri wa miaka 20 unaoruhusiwa na sheria, na mjadala ukafika magazetini. Mgeni anayelipa pesa nyingi kwa saa mbili za ngoma na michezo ya mezani hawezi kuyaona hayo kutoka kwenye mto wake wa kukalia, lakini kampuni inayomleta inaweza kuuliza, na ina nguvu ya kuuliza kwa kuwa inaleta wateja. Isipouliza, maneno yake kuhusu kuheshimu utamaduni ni kanga isiyo na jina la kuandikwa.

Nani atajifunga kesho

Tangu mwaka 1949 sheria ya Japani ilidai kila anayewaongoza wageni kwa lugha ya kigeni na kwa malipo awe na leseni ya taifa, inayopatikana kwa mtihani wa lugha, historia, jiografia na mambo ya jumla. Januari 2018 sharti hilo lililegezwa: leseni ipo, lakini yeyote anaweza kufanya kazi hiyo. Kwa nchi iliyokuwa ikikimbizana na idadi ya wageni, uamuzi ulieleweka. Leseni hutolewa kwa lugha kumi, kuanzia Kiingereza na Kichina hadi Kithai. Kiswahili hakimo, ingawa redio ya NHK imetangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1964 na Chuo Kikuu cha Osaka kinakifundisha. Msafiri wa Nairobi au Muscat atakuta Gion ikielezwa kwa lugha ya tatu.

Lakini mtihani haujawahi kumpa mtu kibali cha ochaya. Hicho hupatikana kwa miaka ya kuleta wageni waliofika kwa wakati, na waongozaji wa kuaminiwa hivyo hawazalishwi kwa kasi ya hoteli. Hoteli mpya za kifahari zinafunguliwa Kyoto mwaka hadi mwaka. Kila moja inataka wageni wake waingie milango ileile, na milango ile haiongezeki. Bei itapanda, hilo halina mjadala. Kitakachoamua mambo ni nani atakayeipata.

Kyoto imeanza kujibu kwa upande wake. Kuanzia Machi 2026 kodi ya malazi, iliyoanza mwaka 2018 kwa kiwango cha juu cha yeni 1,000, inafika yeni 10,000 kwa mtu kwa usiku pale malazi yanapomgharimu yeni 100,000 au zaidi, na jiji linatarajia makusanyo yapande kutoka takriban bilioni 5 hadi zaidi ya bilioni 12 kwa mwaka. Mji wa Himeji nao umeamua kumtoza asiye mkazi yeni 2,500 kuingia kwenye ngome yake, mkazi akibaki na 1,000. Hatua hizi ni za haki, maana anayechakaza ndiye anayechangia. Hazigusi, hata hivyo, pesa iliyo ndani ya mfuko wa safari yenyewe, ambako mteja huona jumla moja kubwa na hajui mfumaji amepata nini, geiko nini, mwongozaji nini. Kampuni zinazouza Japani kwa bei hizo zinaweza kuanza kesho asubuhi kuandika mgawanyo huo kwenye ankara, mstari kwa mstari. Zitakazokataa zitakuwa zimempa mteja habari aliyoihitaji kabla ya kulipa.